Bakuli la Dengu

Somo: Mwanzo 25:29–34



Habari za Esau mnazijua. Alirudi kutoka porini ana njaa, akamkuta ndugu yake Yakobo amepika dengu. Yakobo akataka kwanza auziwe haki ya mzaliwa wa kwanza. Esau akaapa, akala, akaenda zake. Kosa lake halikuwa njaa, maana njaa si dhambi. Kosa lake ni kwamba alilitazama bakuli, asikitazame kile alichokitoa.

Siku hizi bakuli hilo limo mifukoni mwetu. Mkulima wa viazi kule Molo huuliza bei kwa simu kabla ya kupakia magunia. Nyanya aliyeko Lanet humwona mjukuu wake aliye ng'ambo, wakaongea kana kwamba wameketi pamoja. Ukiisha kununua bando, hudaiwi kitu kingine. Twamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini kampuni kama Google na Facebook hazifanyi kazi ya sadaka. Hulipwa na wenye matangazo, kwa sababu zinajua tunachotafuta, tunachopenda na mahali tulipo. Wazee walisema, rahisi ni ghali.

Mwaka 2023 jambo hili lilionekana wazi. Umati ulipanga foleni kwenye jumba la KICC, Nairobi, ili kampuni ya Worldcoin ipige picha mboni za macho yao. Kila mmoja aliahidiwa sarafu za mtandaoni zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Tarehe 2 Agosti mwaka huo Serikali iliisimamisha kazi hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru habari za miili ya watu zilizochukuliwa zifutwe. Tusiwacheke waliopanga foleni. Wako waliokuwa na njaa ya Esau: kodi ya nyumba, karo ya watoto. Lakini namba ya siri ikiibwa hubadilishwa, jicho halibadilishwi.

Tena, ndugu zangu, liko jambo zito kuliko la Esau. Yeye aliuza kilicho chake. Sisi mara nyingi twatoa kilicho cha jirani. Ukiipa programu ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu yako, umemtoa mama yako, mchungaji wako na mwalimu wa mtoto wako, nao hawakuulizwa. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya mikopo iitwayo Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000, kwa kuwa ilitumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma ujumbe wa vitisho.

Na sisi kanisani je? Katika vikundi vyetu vya simu twaandika jina la mgonjwa, ugonjwa wake, na shida za ndoa yake, tukisema tumwombee. Asubuhi habari iko Bahati. Adhuhuri imefika Mombasa. Twaita maombi, kumbe tumemvua nguo mwenzetu hadharani. Mithali 11:13 yamsifu mtu mwaminifu atunzaye siri aliyoambiwa.

Hatusemi simu zitupwe. Twasema, kabla hujabonyeza, jiulize: Ninatoa nini? Nacho ni cha nani? Programu ya tochi ikitaka majina ya rafiki zako, ikatalie. Tochi haihitaji majina. Mgonjwa asipokubali kutajwa, mwombee kimya, Mungu anamjua. Naye aliyedhulumiwa afahamu kwamba Katiba ya 2010, Ibara ya 31, yailinda faragha yake, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 aweza kumpelekea Kamishna malalamiko yake.

Tuombe. Ee Bwana, wewe wayajua yote yaliyo mioyoni mwetu, wala huyauzi. Utupe kiasi wakati wa njaa, na utufanye walinzi waaminifu wa majina ya wenzetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.