Waya Mmoja, Viendeshi Viwili: Tutafute Chanzo Kabla ya Kuformati



Naanza na waya. Baba mmoja anayesimamia walinzi wa usiku aliniletea redio sita za mkononi, pamoja na kompyuta yake, niziwekee masafa. Waya wa USB wa kuunganishia ulikubali kwenye tundu la kushoto. Nilipouhamishia la kulia, ukagoma. Nikafungua "Gestionnaire de périphériques": pembetatu ya njano, code 10, kifaa hakiwezi kuanza. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameiformati mashine ile mara moja, na picha za ndoa ya binti wa yule baba zikapotea. Bado inaniuma.

Waya ulikuwa mzima. Ndani ya Windows mlikuwa na viendeshi viwili, au piloti kama tunavyosema sisi mafundi wa Lubumbashi, vyote vikidai waya uleule. Cha zamani kinaikubali chipu ya waya huo. Kipya kimeandikwa kiikatae. Viendeshi vikilingana kwa kila kitu kingine, Windows huchukua chenye tarehe ya karibuni. Upande wa kushoto mtu alishachagua cha zamani kwa mkono. Lakini waya usio na namba yake ya pekee, ukibadilishiwa tundu, huhesabiwa kifaa kipya, na uchaguzi huanza upya. Kuformati hakuponyi ugomvi huo: intaneti ikirudi, Windows Update humrudisha mgomvi yuleyule.

Kabla ya Windows 95 ugomvi ulikuwa wa namna nyingine. COM1 na COM3 ziligombea laini moja ya kuita kichakataji, IRQ 4, na fundi alihamisha vipini vidogo kwenye kadi kwa vidole. Leo vifaa hujipanga vyenyewe. Yanayogombana zaidi ni matoleo ya viendeshi.

Kwa hiyo tusome kwanza. Kwenye "Détails" za kifaa kuna namba yake: VID ni mtengenezaji, PID ni kifaa chenyewe. Namba hiyo ndiyo ya kutafutia kiendeshi, si jina lililochapwa kwenye boksi. Kisha, kwa haki za msimamizi, andika pnputil /enum-drivers uone vilivyorundikana, na ukiondoe kisichofaa kwa pnputil /delete-driver, jina lake la oem, kisha /uninstall. Kama ni cha Wi-Fi, weka kwanza kibadala chake kwenye flashi, la sivyo utabaki bila mtandao wa kukitafutia. Na betri iwe imejaa: umeme ukikatika katikati, unabaki na kiendeshi nusu.

Flashi za "piloti zote" zinazozunguka mjini naziogopa, kwa kuwa hupakia hata visivyohitajika. Na masoko yetu yana chipu nyingi za bandia, ambazo kiendeshi kipya kinaweza kuzizima. Oktoba 2014 kiendeshi cha FTDI, mtengenezaji wa chipu za USB, kilichopitia Windows Update kilibadilisha PID ya chipu za kuiga ikawa 0000, na kompyuta zikaacha kuzitambua.

Kesho asubuhi ni vitendo. Kila mmoja alete waya aliouweka kando akidhani umekufa, tusome namba yake.