Usukani Huanzia Nyuma: Mpangilio wa Bagi ya Mashindano Inayoongozwa kwa Redio



Mada hii inatetea hoja moja: katika bagi ya mashindano inayoongozwa kwa redio, usukani mzuri huanzia kwenye magurudumu ya nyuma, na rimoti ndiyo mahali pa mwisho pa kuutafuta. Desturi iliyoenea ni kinyume chake. Gari likikataa kona, dereva hufungua menyu ya rimoti akaongeza upana wa usukani. Likipiga mkia, huupunguza. Likiwa na papara kwenye njia iliyonyooka, hulainisha mwitikio wa katikati kwa asilimia kadhaa. Tatizo likibaki, hununua servo yenye kasi zaidi, yaani ile mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele. Hatua zote hizo hubadilisha namna amri inavyofika kwenye magurudumu. Hazigusi hata kidogo uwezo wa tairi kuitii amri hiyo, na hapo ndipo kona inapopatikana au kupotea.

Tuanze na udogo wa gari lenyewe, kwa sababu ndio unaofanya kasoro ndogo kuwa kubwa. Bagi ya kipimo cha moja kwa kumi ina takriban sentimita 28 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Magurudumu yake ya mbele yakikengeuka kwa digrii moja tu, hesabu ya jiometri inaonyesha kwamba gari litafuata duara lenye nusu kipenyo cha mita 16 hivi. Likienda mita tano, litakuwa limetoka kwenye mstari wake kwa karibu sentimita 78. Gari la kawaida la barabarani lenye mita 2.8 kati ya ekseli, kwa digrii hiyo hiyo moja na umbali huo huo, litatoka kwa sentimita nane tu. Hesabu hii haihusishi kuteleza kwa tairi, lakini ukubwa wa tofauti unajieleza. Digrii moja, ambayo fundi wa gari la abiria angeweza kuivumilia hadi matengenezo yajayo, kwa bagi ni tofauti kati ya kupita katikati ya njia na kugonga bomba la pembeni.

Na digrii hiyo moja haitoki kwenye rimoti. Hutoka kwenye bolijointi iliyolegea, beringi ya gurudumu iliyochoka, bushi za mkono wa usukani zilizolika kwa vumbi, au springi ya kile kifaa kinacholinda meno ya servo wakati gari linapogonga. Kifaa hicho kikiwa laini kupita kiasi, servo hugeuka kikamilifu huku magurudumu yakigeuka nusu, hasa gari likiwa na kasi na tairi zikipinga. Dereva anayeongeza upana wa usukani ili kufidia ulegevu wa namna hiyo ameongeza amri kwenye mnyororo usioweza kuibeba. Atapata usukani mwingi kwenye mwendo mdogo, ambako hauhitaji, na uleule mchache kwenye mwendo mkubwa. Kwa hiyo uchunguzi wa ulegevu hutangulia kila kitu, na hauna gharama: nyanyua gari, shika gurudumu moja moja, litikise, utazame kinachocheza.

Sasa kwa nini nyuma? Sababu iko katika jambo ambalo ni rahisi kulisahau: dereva ana amri ya moja kwa moja juu ya pembe ya magurudumu ya mbele, lakini hana amri kama hiyo juu ya yale ya nyuma. Tairi huzalisha nguvu ya kuvuta gari kuelekea ndani ya kona pale tu inapokuwa na pembe ndogo kati ya uelekeo wake na njia inayopita. Mbele ikipungukiwa, dereva anaweza kuongeza pembe kidogo, au akapunguza mwendo, na gari litarudi kwenye mstari. Nyuma ikipungukiwa, gari huanza kuzunguka lenyewe, na pembe inayoongezeka haikuombwa na mtu. Kilichobaki mkononi mwa dereva ni kugeuza usukani upande wa pili na kuomba muda umtoshe. Kwa kiumbe ambaye huchukua takriban sehemu mbili za kumi za sekunde kuona jambo na kulijibu, na kwa gari linalokwenda mita kumi kwa sekunde, muda huo ni mita mbili za njia. Mara nyingi hautoshi.

Matokeo yake yanaonekana kwenye mwendo wa kona. Nyuma ndiyo inayoweka kikomo. Mbele hupimwa kwa kulinganishwa nayo. Dereva asiyeuamini mkia wa gari lake huingia konani polepole, hugeuza kwa woga, na huchelewa kuvuta kichochezi cha mwendo wakati wa kutoka. Kisha hulalamika kwamba gari halina usukani. Malalamiko yake ni ya kweli, lakini chanzo chake kiko sentimita 28 nyuma ya mahali anapotazama. Ndiyo maana watengenezaji wa bagi za kuendeshwa kwa magurudumu mawili huyapinda magurudumu ya nyuma yatazame ndani kwa takriban digrii tatu, kiasi ambacho kingelimaliza matairi ya gari la barabarani kwa muda mfupi. Wanakubali kupoteza mwendo kidogo kwenye njia iliyonyooka ili mkia utulie.

Lakini nyuma ikishika kupita kiasi, gari husukuma mbele na kukataa kona kwelikweli. Hili haliipingi hoja yangu. Linaikamilisha, kwa kuwa hata hapo dawa ya kudumu ni mizani ya gari zima. Ushahidi wake mkubwa zaidi unatokana na mabadiliko ya muundo. Kwa miaka mingi, tangu enzi za RC10 ya Team Associated iliyotoka mwaka 1984, bagi za magurudumu mawili ziliwekwa mota nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa sababu njia zilikuwa za udongo uliolegea na uzito ulihitajika juu ya magurudumu yanayosukuma. Njia za zulia na nyasi bandia zilipoenea, hasa Ulaya, mshiko uliongezeka na magari hayo yakaanza kukataa kona. Wabunifu waliihamisha mota mbele ya ekseli ya nyuma, na katika miaka ya 2010 mpangilio huo ukatawala. Tatizo lilikuwa la usukani. Jibu la wale wanaoishi kwa kubuni magari haya lilikuwa kuhamisha uzito.

Mshindani wa kawaida hana uwezo wa kubuni chasisi, lakini ana njia zake za kufanya jambo lilelile. Ya kwanza ni matairi, nayo inazizidi nyingine zote pamoja: aina ya mpira, umbo la meno, na sponji iliyo ndani. Tairi lisiloendana na njia halirekebishwi na springi. Ya pili ni mahali pa betri. Kuisogeza nyuma au mbele kwa upana wa kidole huhamisha uzito unaohisika. Ya tatu ni springi na stabilaiza, yaani fimbo inayozuia gari kulala upande konani. Gari linapokata kona, uzito huhamia kwenye matairi ya nje, na tairi linapobebeshwa uzito maradufu, mshiko wake hauongezeki maradufu. Kwa hiyo ekseli iliyo ngumu zaidi hubeba sehemu kubwa ya uhamisho huo na hupoteza mshiko zaidi. Stabilaiza nene ya mbele hupunguza usukani na kuituliza nyuma. Nene ya nyuma hufanya kinyume. Kwenye bagi za moja kwa nane zinazoendeshwa kwa magurudumu yote manne, huongezeka oili za difu tatu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Mahali pengi pa kuanzia ni oili yenye mnato wa karibu 5000 mbele, 7000 katikati na 3000 nyuma, na ile ya mbele ikiwa nzito zaidi, gari huingia konani kwa uzito.

Jiometri ya mbele huja baada ya hapo, na inastahili heshima yake. Kanuni ya gurudumu la ndani kugeuka zaidi kuliko la nje ilibuniwa na Mjerumani Georg Lankensperger kwa ajili ya mabehewa ya farasi, na Rudolph Ackermann akaiandikishia hataza Uingereza mwaka 1818. Ilikusudiwa magurudumu yasiyoteleza, kwa mwendo wa farasi. Bagi huteleza kila kona, kwa hiyo tundu ambalo fimbo ya usukani inafungwa hutakiwa kuchaguliwa kwa majaribio njiani, si kwa kanuni hiyo peke yake. Vivyo hivyo mlalo wa nguzo ya gurudumu la mbele: kwenye bagi za magurudumu mawili za udongo unaweza kufika digrii 25 au 30, wakati magari ya barabarani hutosheka na digrii chache. Mlalo mkubwa huliwezesha gari kupita mashimo bila kuyumba. Ukipunguzwa, gari huingia konani kwa ukali zaidi, na ukali huo ni faida pale tu nyuma inapoweza kuufuata.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wenye servo za kasi. Watasema kushuka kutoka sekunde 0.10 hadi 0.07 kwa digrii 60 kunaonekana. Ni kweli, kwa mwendo wa mita kumi kwa sekunde, tofauti hiyo ni sentimita 30. Lakini faida hiyo hupatikana tu ikiwa mnyororo mzima umekaza na tairi lina mshiko wa kuipokea. Vinginevyo servo ya kasi hulivunja tairi mshiko haraka zaidi. La pili ni la jairo za kielektroniki zinazozuia mkia kutoka. Zinasaidia wanaojifunza, lakini mashindano mengi hayaziruhusu, na zinamficha dereva kasoro anayopaswa kuiondoa. La tatu ndilo zito zaidi: mabingwa wenyewe huhangaika na rimoti, nasi tunasemaje kinyume? Jibu limo katika karatasi za mipangilio yao ambazo watengenezaji huzichapisha. Karatasi hizo hujaa oili, springi, urefu wa chasisi kutoka ardhini, pembe za magurudumu na matairi. Rimoti hupewa nafasi ndogo. Mabingwa hutumia rimoti kumalizia gari ambalo tayari limesawazika. Tahadhari moja: karatasi hiyo ilijazwa kwa njia fulani, matairi fulani na joto la siku fulani. Inafaa kusomwa ili kujua sababu, na ni hatari kunakiliwa nzima.

Kuna watakaosema utaratibu huu ni mrefu mno kwa anayeanza. Naona ni kinyume. Anayeanza ndiye anayeumizwa zaidi na mkia usiotabirika. Chukua mfano wa mbio za dakika tano, mzunguko mmoja ukiwa sekunde 30. Dereva anayepunguza sekunde moja katika mizunguko minne, kisha akapinduka mara moja na kungoja sekunde sita ainuliwe, ameshindwa na yule aliyezunguka kwa sekunde 30 bila kubadilika. Fainali za dunia za bagi za moja kwa nane zinazotumia mafuta huchukua saa nzima. Gari linalomlazimisha dereva asahihishe kila kona kwa muda huo humchosha kabla ya mafuta ya mwisho.

Ombi langu kwa washiriki ni kwamba katika majaribio yanayofuata, kila timu irudishe mipangilio ya rimoti kwenye hali ya kiwandani, ikaze ulegevu wote, kisha ibadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja kuanzia nyuma, na kuandika wastani wa mizunguko yote badala ya ule mmoja wa kasi. Mkia ukishatulia, fungueni menyu ya rimoti. Mtakuta yaliyobaki humo ni machache.