Bei ya Kununua na Bei ya Kumiliki

(Hotuba iliyotolewa Shelui mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa nizungumze juu ya motokaa za kifahari zilizokwisha kutumika. Huenda wengine watajiuliza jambo hili linaihusu nini shule. Linatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu ni watumishi tunaoishi kwa mshahara, na baada ya nyumba, motokaa ndiyo deni kubwa tunaloingia. Pili, kila ajaye hapa kutoka Singida hana budi kuteremka Mlima Sekenke, na mlima ule haumwulizi mtu motokaa yake ina jina gani. Humwuliza kama breki zake ni nzima.

Wazee wetu walio hapa wanalikumbuka neno "Wabenzi", lililoenea baada ya Uhuru kwa ajili ya wakubwa waliopanda Mercedes-Benz. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotangazwa, motokaa ya namna ile ilihesabiwa kuwa alama ya kujitenga na wananchi. Siku hizi mambo yamegeuka. Mercedes-Benz, BMW na Toyota Crown zinateremshwa bandarini Dar es Salaam zikitoka Japani, zikiwa na umri wa miaka kumi, kumi na tano, hata ishirini, na mwalimu au karani anaweza kuimudu bei yake. Kupenda kitu kizuri si kosa. Lakini wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza kwamba vilivyoundwa kwa gharama hutengenezwa kwa gharama.

Neno langu kuu ni hili: bei ya motokaa hushuka kwa uzee, lakini bei ya vipuri vyake haishuki pamoja nayo. Tuseme motokaa iliuzwa dola 50,000 ilipokuwa mpya, na leo unaipata kwa dola 5,000. Pampu yake, kompyuta zake na giaboksi yake bado ni za motokaa ya dola 50,000. Mnunuzi amelipa sehemu moja katika kumi, lakini fundi atamdai kama mwenye motokaa nzima.

Tuanze na kodi. Kwa viwango vya miaka hii ya karibuni, motokaa inayoingia nchini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Ikiwa injini yake inazidi sentimita za ujazo 2,000, huongezwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Ikiwa imepita miaka kumi, huongezwa asilimia 30 kwa ajili ya uzee. Juu ya yote hayo huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Fanyeni hesabu: motokaa iliyothaminiwa shilingi milioni 10 bandarini hudaiwa zaidi ya milioni 10 nyingine, kabla ya tozo ndogo ndogo, bima na usajili.

Sasa niyataje maradhi yenyewe.

La kwanza ni joto. Motokaa hizi zina mabomba na vyombo vya maji vya plastiki, ambavyo baada ya miaka mingi hukauka na kupasuka. Silinda hedi ni ya aluminiamu. Injini ikichemka mara moja tu hupinda, na gharama yake huweza kukaribia bei ya injini nyingine. Basi ukiona mshale wa joto unapanda, simama. Usiseme utafika kwanza Igunga.

La pili ni springi za hewa. Mercedes-Benz kubwa na Toyota Crown Majesta nyingi hazikutegemea springi za chuma, bali mifuko ya mpira iliyojazwa hewa. Mpira huo hupata nyufa. Hewa ikivuja, kompresa hufanya kazi bila kupumzika hadi inaungua. Ukiikuta motokaa asubuhi imelala upande mmoja, jua kwamba bili mbili ziko njiani.

La tatu ni injini. Toyota Crown za mwaka 2003 hadi 2008 zenye injini ya 4GR, ya lita 2.5, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, valvu hizo haziogeshwi, na masizi hujikusanya mpaka injini inatetemeka. Katika Mercedes-Benz kadhaa zenye injini ya M272 za katikati ya miaka ya 2000, jino la shafti ya kusawazisha injini huliwa mapema. Jino lenyewe si kubwa, lakini kulifikia kunataka injini nzima ifunguliwe.

La nne, na ndilo kubwa, ni breki. Mercedes-Benz E-Class iliyotoka mwaka 2002 ilikuwa na breki zinazoongozwa na umeme, ziitwazo SBC. Mwaka 2004 na 2005 kampuni iliziita motokaa nyingi zirudi kukaguliwa, na mwaka 2006 ikauacha mfumo huo katika E-Class. Pampu yake huhesabu mara inazotumika. Hesabu ikitimia, hudai ibadilishwe. Anayenunua ya miaka hiyo aulize kwanza habari za pampu.

Hata breki za kawaida zina jambo lao. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 155. Wadogo zangu wa Fizikia mnajua yanayofuata: kimiminiko hakibanani, lakini mvuke hubanana. Dereva aliyekanyaga breki mfululizo kutoka juu ya Sekenke huchemsha mafuta hayo, na pedali huzama hadi chini bila kazi. Dawa yake ni mafuta mapya kila baada ya miaka miwili, na kuteremka kwa gia nzito, hata kwa motokaa ya giaboksi otomatiki. Yanagharimu kidogo kuliko chochote nilichokitaja leo.

Matairi nayo yana umri. Tazameni ubavuni tarakimu nne: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na huku mpira umekwisha kufa.

Ndugu zangu watumishi, mkopo hukadiriwa kwa bei ya kununua. Sheria inataka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake, na theluthi hiyo ndiyo ya chakula, ada na matibabu. Kompresa haimo katika hesabu hiyo. Hapo ndipo mtu huahirisha breki mwezi huu, na mwezi ujao, kisha Desemba anapakia watoto na kuanza safari ya kilomita kama 800 kutoka Dar es Salaam. Motokaa inang'aa, lakini chini yake deni halijalipwa.

Nashauri basi: kabla ya kununua, mtafute fundi asiye rafiki wa muuzaji, iendesheni mpaka ipate moto, ulizeni bei ya vipuri vitano vikubwa, na wekeni akiba ya robo ya bei ya motokaa kabla ya kuiwasha. Asiyeweza kuiweka robo hiyo, achukue motokaa ndogo iliyo nzima. Hatapungukiwa heshima hapa shuleni. Tunataka kuwaona wote mwakani, kwa motokaa au kwa basi.