Kukaa Mji Mkongwe: Paa ni la Nani?

Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo hapa kwetu Mangapwani halikosi kutajwa kila watu wakaapo barazani: je, ni vema mtu kukaa katika Mji Mkongwe wa Unguja, au ni vema aukimbie?

Mangapwani iko mwendo wa kilomita 20 hivi kaskazini ya mji, na labda mtauliza yatuhusu nini mambo ya mjini sisi tuliozoea minazi na mashua. Yatuhusu sana, kwa kuwa wengi wetu tuna mtu wetu katika vichochoro vile. Nasi tunaye shangazi yetu. Amekaa Mkunazini, orofa ya juu ya nyumba ya mawe, zaidi ya miaka 40. Mwaka jana, siku chache kabla ya masika, tulikwenda kumwamkia, tukaona ukuta wa chumba chake umefanya ufa ambao vidole viwili vyaweza kuingia. Tukamwambia, “Shangazi, funga vitu vyako, twende zetu Mangapwani.” Akatujibu, “Wanangu, ufa huo nimeuona kabla yenu. Kaeni kitako mnywe kahawa.”

Tuliporudi kijijini na kutoa habari hiyo, kila mtu alikuwa na shauri lake. Mzee mmoja mvuvi alisema, “Mji ule ni sanduku. Jirani akikohoa, wewe waambiwa pole. Hapa upepo wa bahari hauombi ruhusa kuingia, muhogo twachimba wenyewe, na mtoto akicheza hagongwi na pikipiki. Tena nyumba zile zaanguka. Mtu mwenye akili hangoji dari impe habari.”

Mwalimu mmoja kijana, aliyewahi kuwa mwanafunzi wetu, hakukubali. Alisema, “Mzee, nakuheshimu, lakini mjini hospitali ya Mnazi Mmoja na soko la Darajani huendewa kwa miguu. Vichochoro vyake ni vyembamba, lakini saa sita ya mchana vina kivuli. Mtu mzima asiyeweza kungoja gari njiani akae wapi kuliko hapo?” Na wa tatu, aliyezaliwa Mji Mkongwe akahamia katika nyumba za Michenzani, alisema ya kuwa nyumba ya mawe ni sifa kwa wageni na taabu kwa wenyeji. Mgeni huupiga picha mlango wa nakshi akaenda zake, na mwenyeji hubaki na beseni la kukingia maji ya mvua.

Sisi tuliwasikiliza wote watatu, tukaona ya kuwa hapana aliyesema uongo. Ndipo tulipotaka kutazama jambo hili tangu mwanzo wake, kama tunavyowafundisha walimu wetu: usihukumu kabla hujajua kitu kimekuwaje.

Basi na ijulikane ya kuwa mashindano haya si mapya. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, ambalo magofu yake yako njiani mtu atokapo mjini kuja kwetu. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886 alieleza jinsi alivyohamishwa angali mtoto kwenda kukaa mjini, akaiona nyumba ya huko kuwa ndogo, akalikumbuka sana jumba la Mtoni. Mwaka 1866 David Livingstone alipokuwa Unguja aliulalamikia mno uvundo wa taka za pwani. Baada yake Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alileta mjini maji ya chemchemi kwa mabomba, na watu wakapata maji safi karibu na milango yao. Mji ni ule ule, mawe ni yale yale. Lakini palipopatikana mtu wa kuutunza, hali ya kukaa ndani yake ilibadilika.

Tena si watu wote walioruhusiwa na mali zao kuchagua. Zamani mkono wa bahari uliingia nyuma ya mji, na watu maskini, pamoja na wengi waliotoka utumwani, walijenga nyumba za udongo na makuti upande wa pili, yaani Ng’ambo. Mkono ule wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo hata ukaisha katika karne ya 20, lakini jina la Ng’ambo limebaki. Nasi watu wa Mangapwani hatuwezi kuyasifu majumba ya mawe bila kukumbuka jasho la nani liliyajenga. Hapa kwetu kipo chumba kilichochimbwa katika mwamba karibu na bahari, ambacho husemwa ya kuwa watumwa walifichwa humo baada ya biashara yao kupigwa marufuku mwaka 1873. Mtu akishuka ngazi zake hatoki na maneno mengi.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, wengi waliokuwa na nyumba katika Mji Mkongwe waliondoka, na nyumba nyingi zikawa mali ya Serikali, wakatiwa ndani watu waliotoka Ng’ambo na mashamba. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kulala chini ya boriti, nao walifurahi kwa haki. Wakati huo huo Serikali ilijenga kule Michenzani majumba marefu ya orofa, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Lakini katika mji wa mawe lilizuka jambo moja ambalo halikutazamwa sana. Nyumba iliyokuwa ya jamaa mmoja sasa ilikuwa ya jamaa wanne au watano. Kila jamaa alijua chumba chake. Paa halikuwa chumba cha mtu.

Hapo, wasikilizaji wetu, ndipo lilipo jambo lenyewe, na ili tulielewe yafaa tujue nyumba hizi zimejengwaje. Ukuta wake ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo, nao ni mnene sana. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwi ndefu kupita kiasi, vyumba huwa virefu lakini vyembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha hupigwa sakafu ya chokaa. Nyumba kama hii hupumua: unyevu huingia na kutoka. Lakini maji ya mvua yakipata njia ya kupenya juu, huteremka ndani ya ukuta, huilegeza chokaa, na huozesha ncha za boriti zilizofichwa ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Mtu akija na saruji akaupiga ukuta lipu ngumu, huona amefanya jema. Kumbe ameyafungia maji ndani.

Mtu asidhani ya kuwa khatari hii ni ya nyumba za maskini tu. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa fahari ya pwani yote. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka, ilhali kazi ya kulitengeneza ilikuwa inaendelea, na watu wawili walikufa. Tangu mwaka 1985 iko Mamlaka iliyopewa kazi ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Haya ni mambo makubwa na ya kushukuriwa. Lakini orodha haipandi darini kuzibua mlizamu uliojaa majani.

Basi turudi kwa shangazi yetu. Tulikwenda Mkunazini mara ya pili, na safari hii tulimchukua fundi mwashi, mtu mzima ajuaye kazi ya chokaa. Tukawaomba wote wakaao katika nyumba ile wakutane. Walikuwa jamaa wanne. Chini yuko mwenye duka la vitambaa. Orofa ya kati wako jamaa wawili. Juu yuko shangazi. Mwenye nyumba yuko ng’ambo ya bahari, na barua zetu hazikupata jibu. Tukasema, “Mabati ya paa yametoboka, masika yakaribia; na tuchange.” Wa orofa ya kati walisema watatoa kidogo. Mwenye duka alisema kwa adabu, “Mimi namheshimu bibi, lakini kwangu hakuvuji. Paa ni lake aliye chini yake.”

Fundi hakumjibu. Alichukua nyundo yake, akaingia dukani, akaomba marobota ya vitambaa yasogezwe, akagonga ukuta wa nyuma. Lipu ilianguka, na nyuma yake chokaa ilikuwa laini kama uji uliopoa. Akaitia mkononi, akamwonyesha mwenye duka, akasema, “Maji ya chumba cha bibi yamefika hapa zamani. Nyumba ya mawe huanza kuugua juu, lakini huangukia chini.” Mwenye duka aliutazama mkono ule kitambo. Kisha akauliza ni fedha kiasi gani.

Hatutaki mdhani ya kuwa mambo yote yalikuwa mepesi baada ya hapo. Mmoja wa jamaa wa orofa ya kati aliona khatari imezidi, akahamia Ng’ambo pamoja na watoto wake, wala hatukumlaumu. Mzazi hawezi kuwalaza watoto chini ya ukuta anaouogopa. Waliobaki walichanga. Mwenye duka alitoa zaidi ya wengine, na sisi wa Mangapwani tulipeleka vijana wawili kupandisha mabati na kubeba chokaa, ambayo fundi aliiroweka majuma kadhaa kabla hajaitumia. Shangazi alikubali kuja kwetu kwa miezi ya masika tu. Alikuja na ufunguo wake shingoni, na kila mvua ilipopiga usiku alituuliza asubuhi, “Kuna habari gani ya mjini?”

Jioni moja tulimwuliza kwa nini hataki kubaki Mangapwani, naye anapendwa, anakula samaki aliyetoka majini siku ile ile. Akasema, “Wanangu, hapa ni kuzuri, na kule si peponi. Lakini usiku nikiumwa pale Mkunazini, nikigonga sakafu kwa bakora, wa chini yangu atapanda ngazi. Hapa nitagonga, na nyinyi mko nyumba ya tatu, na katikati ni minazi.” Hatukupata jibu, kwa kuwa alisema kweli. Mzee mvuvi mwenyewe alikuwapo, naye alicheka akasema, “Bibi, sanduku lako lina watu ndani.”

Wako ndugu zetu wa pwani hii hii walioliona jambo hili kabla yetu. Kisiwa cha Msumbiji, kilichoandikwa na UNESCO mwaka 1991, kina mji wa mawe na mji wa makuti. Kwa miaka mingi watu wengi walibanana katika makuti, na majumba mengi ya mawe yalisimama mabovu bila mtu wa kuyafungua madirisha. Kwetu Unguja iko njia nyingine ya kuufikia ukiwa huo huo, nayo ni nyumba kugeuzwa hoteli moja baada ya moja, hata kodi ikawashinda wenyeji. Hatuwachukii wageni, kwa kuwa wengi wa vijana wetu hupata riziki kwao, na hoteli nyingine zimeziokoa nyumba zilizokuwa karibu kuanguka. Lakini mgeni hulala siku tatu. Ufa wa ukuta haumjui, wala yeye haujui.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza ya kuwa kabla ya kuuziba sharti wakaao ndani wakubaliane ya kuwa ufa ni wao wote. Kwa hiyo mtu akituuliza, “Je, nikakae Mji Mkongwe?” hatumjibu ndiyo wala la. Twamwuliza kwanza, “Wakaa na nani, na paa lenu hutengenezwa na nani?” Akiwa na jibu, na aende kwa amani. Akiwa hana, na aanze kulitafuta kabla ya kubeba godoro. Nawe uliye na mzazi au shangazi katika nyumba ile, usimwambie tu ahame. Panda ngazi, tazama mlizamu, na ugonge ukuta wa chini. Jua limewaka, na kazi ya chokaa haitaki mvua.

Shangazi yetu alirudi Mkunazini upepo wa kusi ulipotulia. Ufa umezibwa kwa chokaa, na alama yake yaonekana bado, nyeupe kuliko ukuta. Alikataa isipakwe rangi. Alisema apenda kuiona kila asubuhi, ajue kama imesogea.