Sauti ya Mwalimu Haina Spea

(Mazungumzo na wanafunzi wa klabu ya afya, shule ya sekondari)



Najua wengi wenu mlipoambiwa mtu wa afya anakuja mlisema, "Haya, UKIMWI tena!" Leo hapana. Leo tuzungumzie kitu mnachokitumia kila siku: sauti ya mwalimu.

Mmewahi kuwa na mwalimu ambaye Jumatatu anafundisha vizuri, ikifika Alhamisi sauti imekauka, na Ijumaa anaandika ubaoni tu? Huko nyuma ya darasa mmoja anacheka. Mwingine ananong'ona, "Huyu jana alikuwa kilabuni." Au vibaya zaidi, "Huyu ana ule ugonjwa." Jamani, tuache kumtungia mtu maradhi. Tujifunze kinachotokea.

Shika koo lako hapa mbele, halafu sema "aaa". Unasikia mtetemo? Hapo ndipo lilipo zoloto. Ndani yake kuna mikunjo miwili laini inayoitwa nyuzi za sauti. Unapoongea, hewa inatoka mapafuni na kuzifanya nyuzi hizo zikutane na kuachana haraka sana. Kwa mwanaume ni kama mara 100 hadi 130 kwa sekunde, kwa mwanamke kama mara 200.

Sasa pigeni hesabu. Kipindi ni dakika 40. Tuseme mwalimu wa kike anaongea nusu tu ya muda huo, dakika 20. Hizo ni sekunde 1,200. Zidisha kwa 200: nyuzi zake zimegongana mara 240,000! Hicho ni kipindi kimoja, na bado ana vingine siku hiyo hiyo. Hii ni sababu mojawapo inayofanya walimu wa kike wapate matatizo ya sauti zaidi ya wenzao wa kiume.

Kuongea kwa kawaida hakudhuru. Balaa ni kupaza sauti siku nzima, kila siku. Mtu akipaza, nyuzi hugongana kwa nguvu, zinavimba, na sauti inakuwa ya mkwaruzo. Asipozipumzisha, zinaweza kuota vinundu, kama vile mpini wa jembe unavyotia sugu kiganjani.

Msidhani ni matatizo ya kwetu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika majimbo ya Iowa na Utah, Marekani, uliwauliza walimu zaidi ya 1,200 na watu wa kazi nyingine idadi kama hiyo. Kati ya walimu, karibu 58 katika kila 100 walisema wamewahi kupata tatizo la sauti. Kwa wale wengine ni karibu 29, yaani nusu tu.

Kwa nini basi mwalimu apaze sauti? Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo ninyi wenyewe mnalijua: mtu akiwa kwenye kelele hupaza sauti bila hata kukusudia. Tazama kituo cha daladala! Darasani ni hivyo hivyo. Tangu ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipofutwa Tanzania mwaka 2016, madarasa mengi yamejaa. Watu 10 wakinong'ona, mwalimu anapandisha sauti. Nanyi mnaongeza ili msikilizane, naye anapandisha tena. Mvua ikigonga bati, ndiyo kabisa.

Zipo sababu nyingine pia: vumbi la chaki, kuongea wakati wa mafua, kutokunywa maji ya kutosha, kukohoakohoa ili kusafisha koo, sigara, na tindikali ya tumboni inayopanda hadi kooni, hasa kwa wenye kiungulia. Lakini angalieni ile ya kelele. Hiyo iko mikononi mwenu.

Mfanye nini?

1. Chagueni ishara ya kunyamaza, kwa mfano mwalimu akiinua mkono kila mmoja ainue na kufunga mdomo. Asilazimike kupiga kelele ili kuzima kelele.

2. Futeni ubao kwa kitambaa chenye unyevu kabla hajaingia, na fungueni madirisha.

3. Viti vya mbele visikae wazi. Sogeeni.

4. Mvua ikinyesha sana, ombeni kazi ya kuandika au kusoma kimya hadi ipungue.

5. Jitoleeni kusoma kitabu kwa sauti, kwa zamu. Mwalimu anapumzika, nanyi mnajizoeza.

Na walimu wangu, mniwie radhi, nina machache kwenu pia. Njooni na chupa ya maji. Msiongee huku mmegeukia ubao. Andikeni kwanza, kisha geukeni mseme. Badala ya kupaza, sogeeni karibu na wanafunzi. Sauti ikikauka, ipumzisheni siku mbili tatu. Kunong'ona si kupumzika, kwani kunaweza kuzichosha nyuzi vilevile. Ni afadhali kuongea kidogo na taratibu.

Kuna anayeuliza, "Je, tangawizi na asali?" Zinatuliza koo, hakuna ubaya. Lakini unachokimeza hakipiti juu ya nyuzi za sauti. Kingepita huko, ungepaliwa! Kwa hiyo tangawizi isiwe kisingizio cha kuendelea kupiga kelele.

Sasa sikilizeni hili kwa makini. Sauti iliyokauka kwa mafua kwa kawaida hurudi ndani ya wiki moja au mbili. Ikipita wiki tatu haijarudi, mtu aende kituo cha afya, awe mwalimu, mzazi au wewe. Aende mapema zaidi kama anapumua au kumeza kwa shida, ana uvimbe shingoni, au anakohoa damu. Kifua kikuu kinaweza kushika zoloto. Saratani pia, hasa kwa wavutaji sigara na wanywaji wa pombe. Kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda ni dalili za kupimwa kifua kikuu. Ugonjwa huo unatibika, na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali. Anayechekwa darasani hujificha, na anayejificha huchelewa kupimwa. Mnaona kicheko chenu kinavyoweza kumgharimu mtu?

Nanyi mna sauti za kutunza. Kiranja anayefoka paredi nzima, mwanakwaya, mshangiliaji wa mechi, wote wana nyuzi zile zile. Wavulana ambao sauti zinavunjika sasa, msiogope, hilo ni balehe. Na wengine wenu mtakuwa walimu. Msianze kazi na sauti iliyokwisha choka.

Kiatu kikiisha soli tunapeleka kwa fundi. Baiskeli ikiharibika tunatafuta spea. Nyuzi za sauti haziuzwi dukani. Kwa hiyo kesho, kabla ya kipindi cha kwanza, kila darasa lichague ishara yake. Kisha mwambieni mwalimu, "Tumekubaliana, wewe inua mkono tu."

Sasa maswali, mmoja mmoja, bila kupiga kelele!