Digrii Moja ya Joto: Sifa za Maji na Uhai wa Ziwa Tanganyika

Sifa zinazoyafanya maji yawe msingi wa uhai zinatokana na umbo la molekuli yake. Molekuli hiyo imepinda, na oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko hidrojeni. Hivyo huwa na upande hasi na upande chanya, na molekuli jirani hushikana. Kwa sababu ya pande hizo mbili na mshikano huo, maji huyeyusha chumvi, hupanda ndani ya mti hadi majanini, na huhitaji jouli 4,200 hivi ili kilo moja ipande digrii moja. Hayo hayana ubishi.

Ubishi uko kwenye sifa ambayo vitabu vingi vya sayansi huitukuza: barafu kuelea. Maji safi huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzijoto 4. Yakipoa zaidi hutanuka, na yakiganda, mita moja ya ujazo huwa na kilo 917 tu. Kwa hiyo ziwa huganda kuanzia juu, na samaki huendelea kuishi chini ya barafu. Kwa maziwa ya Kanada au Siberia maelezo hayo ni sahihi kabisa. Kosa ni kuyafanya kanuni ya uhai wote. Bahari, yenye takriban asilimia 97 ya maji ya dunia, haifuati kanuni ya nyuzijoto 4: maji yenye gramu 35 za chumvi katika kila kilo huzidi kuwa mazito mpaka yanapokaribia kuganda, kwenye nyuzijoto 1.9 chini ya sifuri. Tena, mwanafunzi wa Kigoma huchora daftarini ziwa lililofunikwa na barafu, ilhali ziwa analoliona kila siku haligandi, na uhai wake unategemea sifa nyingine ambayo somo hilo huipita kimya.

Sifa yenyewe ni kwamba maji hayatanuki kwa kiasi kilekile katika kila joto. Yakipanda kutoka nyuzijoto 4 hadi 5, mita moja ya ujazo hupungua gramu 8 hivi. Yakipanda kutoka 25 hadi 26, hupungua gramu 260 hivi, yaani zaidi ya mara thelathini. Digrii moja ambayo katika ziwa la baridi ingefutwa na upepo mdogo, katika maji ya vuguvugu ni kizuizi kigumu.

Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, huwa na nyuzijoto 25 hadi 27 hivi juu, na zaidi kidogo ya 23 chini kabisa. Tofauti hiyo ndogo yatosha kuyatenga maji ya chini, ambayo hayana oksijeni, na huko ndiko virutubisho vya mwani uliokufa vinakolimbikizwa. Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya kina hupanda upande wa Mpulungu, Zambia, yakileta fosfati. Mwani hustawi, planktoni hula mwani, dagaa hula planktoni, migebuka hula dagaa.

Ushahidi bora kwamba ongezeko la joto hudhoofisha mnyororo huo ulitolewa mwaka 2003 na Catherine O'Reilly na wenzake katika jarida la Nature. Ubora wa kazi hiyo ni jinsi ilivyounganisha vipimo vya joto la ziwa vya karne ya 20, kumbukumbu za upepo, na isotopu za kaboni katika tope la sakafuni, ambalo huhifadhi habari za mwani wa kila kipindi. Maji ya juu yalikuwa yamepata joto kuliko ya chini, upepo ulikuwa umepungua, na uzalishaji wa mwani ulikadiriwa kushuka kwa asilimia 20 hivi. Wapo wanaoshikilia kwamba uvuvi mkubwa peke yake unaeleza uhaba wa samaki. Nyavu na taa zimeongezeka kweli, na madhara yake hayakanushiki; lakini mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walionyesha, kwa mabaki yaliyomo katika tope hilo, kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara.

Somo la sifa za maji katika shule za Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia lianze na kutanuka kwa maji ya vuguvugu. Barafu ifuate baadaye.