Ukoo, Hamu na Sinia: Vinasaba katika Ulaji wa Watoto Wetu Singida

Ndugu Mwenyekiti, maofisa lishe wa halmashauri, na ninyi wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliotoka Mkalama, Iramba, Ikungi na Manyoni,

Siku ya afya na lishe ya kijiji, mama wa mtoto mnene akiulizwa hujibu kwamba kwao wote ndivyo walivyo. Mama wa mtoto aliyekonda naye hujibu vivyo hivyo. Sisi wenye mizani huridhika, tukajaza kadi na kumwita anayefuata. Nataka tuyatazame majibu hayo mawili kwa makini, kwa sababu hayana uzito sawa.

Nianze na unene. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman kule New York iligundua jeni ya leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja wenye asili ya Pakistani, ambao jeni hiyo kwao ilikuwa na hitilafu. Mmoja, wa miaka 8, alikuwa na kilo 86. Mwenzake wa miaka 2 alikuwa na kilo 29. Wote walizaliwa na uzito wa kawaida. Wangeweza kuitwa walafi na wazazi wao wakalaumiwa, kumbe ubongo wao uliamini kwamba wanakufa njaa. Yule mkubwa alipoanza kuchomwa sindano za leptini hamu ilishuka, na katika mwaka mmoja akapungua kilo 16.

Hali hiyo ni nadra mno. Kwa watoto wengi urithi hupita kwenye jeni nyingi, kila moja ikiwa na nguvu kidogo. Jeni ya FTO, iliyotajwa mwaka 2007, ndiyo maarufu: mtu mzima aliyerithi aina yake ya unene kwa baba na kwa mama huwazidi wasioirithi kwa kilo 3 hivi. Mwaka uliofuata watafiti wa Uskoti waliwaandalia watoto chakula na kuwaacha wajichagulie. Wenye aina hiyo ya jeni hawakuwa na mwili unaochoma nguvu kidogo. Uzito wa chakula walichokula ulilingana na wa wenzao, ila walichagua vyakula vyenye nguvu nyingi zaidi.

Kwa hiyo kinachorithiwa, kwa sehemu kubwa, ni hamu. Tena huonekana mapema: utafiti wa mapacha waliozaliwa Uingereza na Wales mwaka 2007, ulioongozwa na Jane Wardle, uliwatazama wakiwa bado wananyonya. Tofauti zao katika mwendo wa kunyonya, nani ana pupa na nani anasuasua, zilitokana na vinasaba kwa asilimia 84. Afrika ina utofauti mkubwa wa vinasaba kuliko bara lolote, nami sitawabebesha watoto wa Singida asilimia za Waingereza. Lakini mama yeyote aliyelea mapacha anajua ninachosema.

Sasa tuingie nyumbani. Sinia moja la ugali wa uwele, bakuli moja la mlenda, watoto wanne wamezunguka. Mwenye mwendo wa haraka ameshameza matonge matatu kabla mdogo wake hajapoza la kwanza. Mlenda ukiisha, ugali mkavu unabaki, na yule mdogo anainuka kimya. Mama akiulizwa atasema wote wamekula, na hasemi uongo. Kula pamoja ni malezi mema, wala sisemi tuyaache. Nasema mtoto wa chini ya miaka mitano apakuliwe kwenye sahani yake, akae hapo hapo na wenzake. Hivyo tutaona amekula kiasi gani. Na yule mwenye pupa, hasa wa mjini anayepita kwenye chipsi na soda akienda shule, atasaidika zaidi na kinachowekwa mbele yake kuliko kukemewa kwa tamaa.

Jibu la pili, la mtoto aliyekonda, linanihuzunisha zaidi. Tumezoea kusema Wabarbaig ni warefu wembamba, Wahadzabe wana maumbile madogo, basi mstari wa kadi ukishuka tunausamehe. Viwango vya ukuaji tunavyotumia, vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, vilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, waliokuwa na lishe na matunzo mema. Katika urefu wao, asilimia 3 tu ya tofauti ilitokana na nchi walikotoka. Ndani ya kila nchi walikuwapo warefu na wafupi. Baina ya nchi na nchi karibu walilingana. Mtoto wa Kihadzabe kule Munguli, Mkalama, hana kadi yake peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, na idadi kama hiyo haielezwi kwa ukoo.

Ninaomba basi, baada ya mizani na utepe wa mkono, tumuulize mama maswali matatu: mtoto anakula na nani, kwenye chombo gani, na nani huinuka wa kwanza. Mstari ukilala miezi miwili mfululizo, mhudumu aende nyumbani kwake saa ya chakula, akae nao hadi sinia litakapoondolewa.